Walioosha Mama Yangu Walijua

Niliambiwa niandike kwa upole. Sina upole. Nilisoma mupaka mwaka wa nne wa primeri, kisha baba akanitoa nikalee wadogo zangu, kwa hiyo mutu akikuta makosa hapa ayaokote aende nayo kwake. Majina siandiki. Wengine wamekufa, na wengine wangali wanakuja kuniomba chumvi. Lakini kila mutu atajijua alipo, na Kasongo ni muji mudogo.

Titi langu la kushoto lilikatwa nikiwa na miaka arubaini na mitatu. Ninaanza na enfirmye, muuguzi wa dispansere ya mutaa wetu. Yule alishika uvimbe wangu kwa vidole viwili, kama mutu anayepima avoka sokoni, akasema ni maziwa yameganda.

"Maziwa gani?" nikamuuliza. "Mutoto wangu wa mwisho ana miaka kumi na moja."

"Mama, nani alisoma hapa? Wewe ao mimi?"

Ni yeye alisoma. Akanipa vidonge na pomada ya kupaka. Nikapaka miezi mitano, mupaka ngozi ikafanya vitundu kama ganda la chungwa na chuchu ikaingia ndani. Siku niliporudi kumuonyesha, hakutaka hata kuangalia. Alisema nilipaka vibaya.

Kisha mume wangu. Huyu alisema ni jini. Alileta mutu wa kusomea maji, yule mutu akasema jini ni la kike, lina wivu, linataka kitambaa cheupe na kuku mweupe. Jini lilipewa vyote. Halikushiba. Kidonda kilipopasuka na kuanza kunuka, mume wangu alihamisha mukeka wake sebuleni, na baada ya wiki mbili akajihamisha mwenyewe kwa muke mudogo. Watu wakamusifu, eti ni mwanaume muvumilivu, alikaa muda murefu.

Kaka yangu ndiye alinitoa pale akanipeleka Bukavu. Kule nilikuta daktari mwanamuke. Kabla hajanishika popote alichukua kalamu.

"Mama yako yuko hai?"

"Alikufa zamani."

"Alikufa na nini?"

"Malaria."

"Na mama ya mama yako?"

"Tumbo."

"Mama zako wadogo, mama zako wakubwa, dada zako? Kuna mutu aliugua titi?"

"Hakuna hata mumoja," nikasema, na nilisema kwa majivuno, kama mutu anayetaja ukoo safi. Daktari akaandika. Ile karatasi mupaka leo inasema malaria na tumbo.

Walinikata, wakanipa dawa za kutiririsha kwa mishipa, nikatapika, nywele zikaanguka, nikarudi Kasongo nikiwa na kitambaa kichwani. Mukono wa kushoto haukuinuka. Ndiyo mama mukubwa, dada wa mama yangu, akaja kunisaidia kuoga. Kwa mara ya kwanza akaona kovu. Alikuwa na kikombe cha maji juu ya bega langu. Kikombe kikasimama.

"Afazali wewe ulikubali kisu," akasema polepole. "Mama yako alikataa."

Nikageuka hivi na sabuni machoni. "Mama yangu alikataa kisu gani? Si alikufa na malaria?"

Akamwaga maji yote mara moja kichwani pangu ili nisiulize tena. Kesho yake akasema ana kazi shambani. Hakuja tena kuniogesha.

Mutu asiyetoka kwetu hatanielewa bila kujua kazi ya huyu mama. Kwetu, mwanamuke wa Kiislamu akifa anaoshwa na wanawake wa ukoo wake, watatu ao wanne, na mumoja ndiye mukubwa wao. Mama mukubwa alikuwa mukubwa wao miaka zaidi ya makumi matatu. Na sheria ya waosha ni moja: jicho lilichoona juu ya ubao kinabaki juu ya ubao. Ukiona maiti uso umekuwa mweusi, unanyamaza. Ukiona alama, unanyamaza. Siichekei sheria hiyo. Ni nzuri, inazuia midomo ya watu kumula mutu aliyekufa. Lakini wanawake wa nyumba yetu waliichukua wakafanya nayo sanduku la kuficha ugonjwa. Kwa sababu nyumba ikijulikana ina kidonda cha titi, wasichana wake nani atawaoa? Basi waosha wanatoka nje, wanafuta mikono, wanawaambia waombolezaji: malaria. Mwingine: tumbo. Mwingine: presha. Na sisi watoto tunakaa palepale juu ya mukeka tunalia malaria.

Mwongo mwingine ni mimi. Sitajiruka. Binti yangu alipouliza kwa nini kifua changu kimelala upande mumoja, nilimwambia ni jipu lilipasuliwa. Nilifanya kama wao, kwa sababu ileile, na alikuwa bado hajaolewa. Aliijua kweli kwa wanawake wa bombani, si kwangu. Alinikasirikia wiki nzima, kisha tukaendelea kuishi kama watu wanaojua na hawasemi.

Sasa nifike kwenyewe.

Binti yangu anakaa Salamabila. Ana butike ya nguo za wanawake, sutien za kufunga matiti, viatu, mafuta ya ngozi. Aliachana na baba wa watoto wake wawili, akapatana na mununuzi mumoja wa zahabu, wale tunaowaita negosian. Mwaka jana alinipigia simu, nilikuwa ninatwanga sombe, majani ya muhogo.

"Mama, nataka kukuambia kitu. Usipige kelele."

"Ukianza hivyo nitapiga kelele kabla ya kusikia."

"Naenda Kinshasa kuweka matiti."

"Kuyaweka wapi? Yako yameenda wapi?"

"Mama! Kuongeza. Wanaingiza vifuko vya silikoni ndani, yanasimama kama ya musichana. Yeye ndiye anagaramia yote. Anasema nilinyonyesha, yameanguka."

"Na yeye tumbo lake kama gunia la muhogo, nani atalipasua?"

Akacheka, na mimi nikacheka. Halafu nikamuuliza kama anasahau mimi nimetoka wapi. Mutoto akanijibu, ninaandika kama alivyosema:

"Kwako lilitoka moja, kwangu yanaingia mawili. Tutasawazisha."

Nikaweka muchi chini. Alijua amenikata, akaanza kuongea haraka, kwamba ni kliniki ya kweli, si ya uchochoro, wamemutumia hata karatasi ya maulizo ajaze. Nikamwambia anisomee. Akasoma kwa Kifaransa na kunigeuzia. Karatasi ilikuwa inauliza maneno yaleyale ya daktari wa Bukavu: mama, nyanya, dada za mama, nani aliugua, upande gani, akiwa na miaka mingapi.

"Ulijaza nini?"

"Hapana, hapana, hapana."

"Hata kwa mama? Hata mimi uliniandika hapana?"

"Rafiki yangu aliyefanya alinishauri. Ukiandika ndiyo wanakurudisha kwa vipimo, safari inachelewa, mwanaume anaanza kuuliza. Na wewe mama ni mutu mumoja. Ile ilikuwa bahati mbaya. Si ulisema mwenyewe kwetu hakuna mwingine?"

Hapo alinishika kwa uongo wa watu wengine. Ni kweli nilisema. Nilipomwambia kwamba hata nyanya yake, mama yangu, huenda alikufa na ugonjwa huu, akauliza, "Nani anasema?" Nikasema mama mukubwa. "Alisema nini?" Alisema mama alikataa kisu. "Kisu cha nini?" Sikujua. "Basi, unaona," akasema.

Nikampigia simu yule daktari wa Bukavu, ambaye kila mwaka ananiangalia. Mimi nilitaka aseme vile vifuko ni sumu, nipate kumutisha binti yangu nayo. Hakusema. Alisema, kwa wanavyojua, si vifuko vinavyoleta kansa ya titi hii ya kwetu. Kuna kansa nyingine, ya nadra sana, inayoweza kuota kandokando ya vifuko vya aina fulani, na mwanamuke anapaswa kuambiwa hilo. Halafu akasema neno lililoniondoa usingizi: kifuko kinaweza kufunika sehemu ya titi siku ya kupiga picha ya hospitali, wapigaji wanapaswa kujua namna ya kupiga, ao uvimbe mudogo unapita bila kuonekana. Mutu mwenye ukoo wa ugonjwa achunguzwe kwanza, na daktari wa kupasua ajue kweli yote kabla hajashika kisu.

"Lakini ni wewe tu katika ukoo," akasema, "kwa karatasi yangu hapa."

"Karatasi yako ni ya uongo," nikamwambia.

Binti yangu alikuwa na siku kumi na mbili kabla ya ndege. Mama mukubwa alikuwa amehamia Kabambare kwa mujukuu wake. Waosha wengine waliomuosha mama yangu wote wamekufa. Alibaki yeye tu. Nikachukua moto, pikipiki ya kubeba watu. Barabara ile sitaisimulia, kila mutu anaijua: tulianguka mara mbili, na mahali pamoja tulivuka juu ya magogo mawili, shofa akisukuma moto na mimi nikitambaa nyuma yake kama mutoto. Nilifika nikiwa udongo mutupu.

Nilimukuta uani saa ya asubuhi, anamenya muhogo na wanawake wanne wa jirani. Alifurahi. Aliinuka, akasema mwanangu, akaagiza maji ya kunawa. Nilinawa. Kisha nikamweleza yote, mbele ya wale wanawake, kwa makusudi. Akanisikiliza huku anamenya.

"Mwambie asiende," akasema.

"Nimemwambia. Hasikii. Anataka kujua nani mwingine alikufa na titi."

"Hayo ni ya Mungu."

"Ni ya kwako. Wewe uliosha."

Kisu chake kikaendelea. "Mwosha haongei. Siri ya maiti ni amana. Unataka niende kuulizwa na Mungu?"

"Mungu atakuuliza juu yangu pia! Nilipaka pomada miezi mitano, mama mukubwa. Kama ningejua mama yangu alikufa na nini, ningelala siku moja na kile kitu? Ulikuwa unapita kila Ijumaa kunisalimia. Ulisikia harufu. Ulijua harufu ile kuliko mutu yeyote wa Kasongo. Ulikuwa unaleta ndizi!"

Mwanamuke mumoja akasema, "Mama, punguza sauti, huyu ni muzee."

"Wewe menya muhogo wako."

Mama mukubwa akasema, sasa kwa hasira, "Ningesema, dada zako wangeolewa na nani? Wewe mwenyewe ungeolewa?"

"Na niliolewa na nani? Na yule aliyehamisha mukeka?"

Mwanamuke mumoja akacheka kisha akajiziba mudomo. Ndipo nikafanya kitu ambacho sijutii. Nilifungua blauzi. Jua lilikuwa linawaka, kovu lote likaonekana, kutoka kwapa mupaka katikati ya kifua, na ngozi iliyobabuka rangi. Nikasogea mupaka magoti yangu yakagusa beseni lake.

"Angalia ungali mutu hai, si juu ya ubao. Mwosha huoshwa, mama mukubwa. Siku yako ikifika mimi ndiye nitakuosha, hakuna mwingine aliyebaki. Na nitatoka nje nitawaambia watu: huyu hapa alijua, akanyamaza, wakafa. Naapa."

Hakuna aliyemenya tena. Mama mukubwa alikuwa anatazama mikono yake. Nilifikiri atanilaani. Kuku wakaanza kuingia kwenye maganda. Kisha akasema, bila kuniangalia:

"Siwezi kusema juu ya maiti. Nitasema juu ya pamba."

Sikuelewa. Akanieleza kama mutu anayefundisha kazi. Mahali panapovuja kwenye mwili, mwosha anaweka pamba na kafuri, ili sanda isichafuke njiani. Maiti wa kawaida anatumia pamba kidogo, fungu moja linatosha na linabaki. Pamba inatoka dukani, si mwili wa mutu, hakuna sheria juu ya pamba.

Nikatoa telefone, nikafungua mahali pa kurekodi, nikaishika wazi mbele ya uso wake. Aliiona. Akasema:

"Kwa nyanya yako tulimaliza mafungu matatu. Kushoto. Nilikuwa ningali mudogo kazini, mimi ndiye nilitumwa dukani kuongeza. Kwa mama yako mafungu manne, kushoto, na tulifunga kitambaa cha kikwembe chini ya sanda kwa sababu pamba haikutosha. Hakuwa amefika miaka arubaini, mutoto wake wa mwisho alikuwa anaota meno. Kwa mudogo wetu, yule aliyeolewa ng'ambo ya Lualaba, mafungu mawili. Kuume. Watu waliambiwa presha." Akafukuza kuku. "Na mama yako aliitwa hospitali kukatwa. Ni mimi nilimwambia akatae. Nilimwambia mwanamuke hazikwi nusu."

Hilo la mwisho halikuwa pamba. Alilisema mwenyewe.

Ninajua wasomaji wanataka nimusamehe hapa. Sikumusamehe. Nilifunga blauzi, nikatuma ile sauti Salamabila papo hapo, na mtandao wa Kabambare ukaizungusha karibu nusu saa kabla ya kuipokea. Nilikula muhogo wake kwa sababu nilikuwa na njaa. Kisha nikapanda moto.

Binti yangu hakujibu siku tatu. Siku ya nne aliniandikia maneno mawili: "Nimebadilisha karatasi." Kliniki ikamwambia aje, lakini kwa vipimo kwanza. Akaenda. Walimupiga picha ya matiti, wakamupitisha mashine nyingine yenye mafuta baridi, ile ya kuangalia mimba, wakamuketisha mbele ya daktari mwanaume ambaye alimuomba arudie mara mbili hesabu: nyanya mukubwa, nyanya, dada ya nyanya, mama. Daktari akasema leo haoni kitu. Akasema kwa ukoo kama huu hatamupasua kwa ajili ya urembo mupaka atulie nyumbani na kufikiri, na kwamba, akiweka vifuko ao asipoweka, kila mwaka lazima apimwe, tangu sasa, si akifika miaka yangu.

Yule negosian alikuwa amemusindikiza. Alisikia yote. Wakatoka nje, akamwambia kando ya barabara, watu wakipita, "Mimi nilitaka mwanamuke wa matiti. Mulinificha kwamba kwenu ni nyumba ya kufa." Akarudi Salamabila kwa ndege peke yake, na kule akaisimulia hadithi yetu kwa kila mutu anayepima zahabu. Ilifika Kasongo kabla ya binti yangu. Posa ya binti wa kaka yangu ikarudishwa. Yule kaka aliyenipeleka Bukavu, sasa tukikutana sokoni anaangalia samaki. Wake wa ukoo wanasema niliwavua nguo maiti. Harusi mbili zimepita sikuitwa. Mama mukubwa angali hai Kabambare, ananitumia salamu, sizijibu.

Binti yangu alinipigia mara moja tu tangu arudi.

"Hakuna kitu ndani, si ulisikia? Umefurahi?"

"Nimefurahi."

"Mwanaume ameenda. Wateja wananiangalia kifua kabla ya kuangalia bidhaa. Umefurahi na hiyo?"

"Hiyo hapana. Lakini kifua kiko."

"Ungeniambia mapema, mama. Si jipu. Ningekuwa ninajua tangu zamani, nisingemuambia yeye, ningepimwa kimya kimya, ningeendelea na maisha yangu."

Hilo ni kweli. Nilimwambia, "Uko sawa." Akakata simu. Sikumupigia tena. Anichukie tu. Anapumua, anauza sutien, anachukia mutu: hayo ni mambo ya watu wazima.

Lakini mwaka unakaribia kugeuka, na daktari alisema kila mwaka. Kindu sasa wanasema kuna mashine ile ya mafuta baridi, hata kama ya picha hakuna. Nitamupigia. Asipopokea, nitapanda moto mupaka Salamabila, nitasimama mbele ya butike yake saa ya wateja wengi, na nitaita kipimo chake kwa sauti ya muuza samaki, mupaka afunge mulango aende kupimwa.